Mkwe Chini ya Kitenge

Mwaka ule nilipokuwa na deni, tumbo nililiweza. Nilikula ugali na figiri asubuhi na jioni, sikunung'unika. Macho ndiyo yaliyonishinda. Macho yangu yakiona kitu kinachowaka taa yanakitaka, hata kama sijui kinafanya nini. Niliwahi kupenda kidubwasha kimoja cha dukani nikakaa nakiwaza wiki nzima, kumbe ni cha kunyolea ndevu.

Deni lenyewe sikulipata kwa anasa. Naliandika hilo mapema kwa sababu hapa Uyole wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilikula pesa. Sikula mimi, walikula ndege. Nilichukua mkopo wa kikundi chetu cha akina mama nikakodi majaruba ya mpunga Madibira. Mpunga ukakubali, ukachanua, nikawa natembea huku mtaani kama mke wa mkuu wa mkoa. Halafu wakaja kweleakwelea. Ukiwaona wale ndege kwa mbali unafikiri ni moshi. Tulipiga madebe, tukawarushia udongo kwa kombeo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Wakala mpunga wangu, wakaniachia makapi na mavi. Nikarudi Mbeya nimekonda, ndege wamenenepa.

Dhamana yangu kwenye kikundi ilikuwa ng'ombe. Sisemi ng'ombe wa kuzurura barabarani, nasema ng'ombe wa maziwa, wa kisasa, anayekaa bandani analetewa majani kama mgonjwa wa wodini. Ng'ombe yule ndiye aliyesomesha binti yangu mpaka akawa nesi. Walimu wanasema ni wao. Wao walifundisha, aliyelipa ada ni ng'ombe. Na masharti yalikuwa wazi: kikundi kinagawana pesa kabla ya Krismasi, na atakayekuwa na deni siku hiyo dhamana yake inatoka. Niliwahi kuona makochi ya mwenzetu yakibebwa vichwani mchana kweupe, watoto wake wakiwa bado wamekaa chini pale yalipokuwa. Mimi mwenyewe nilibeba mto mmoja. Kwa hiyo nilijua wale wanawake hawatanii.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo sijalisikia kwenye vikundi vya watu wengine. Mwenye deni haingizi kitu kipya nyumbani kwake. Akiingiza, maana yake pesa anayo, basi alipe deni lote siku hiyohiyo au dhamana itoke. Aliyelitunga ni mwenyekiti wetu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta la kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa akija kukagua. Anapiga hodi, anaomba maji ya kunywa, na wakati anakunywa macho yake yanatembea kabatini.

Siku moja alikuta sufuria yangu inang'aa. Akaniuliza nimeinunua lini. Nikamwambia nimeisugua kwa majivu. Akaichukua, akaitoa nje kwenye jua, akaigeuza, akatafuta masizi kwenye kitako mpaka akayapata kidogo pembeni.

"Basi usiwe unasugua sana, dada," akasema. "Unatutia wasiwasi."

Tangu siku hiyo niliacha kusugua. Mimi, ambaye watu walikuwa wakijitazama kwenye vyombo vyangu, nikakaa na sufuria nyeusi kama za mtu wa mkaa, ili nionekane mwaminifu.

Lakini masufuria si kitu. Kitu kilichonitesa ni simu janja. Simu yangu mimi ilikuwa ya tochi, betri imefungwa kwa mpira wa kufungia pesa. Na binti yangu, ambaye ameolewa Iringa na anafanya kazi upande wa Tosamaganga, alikuwa amejifungua. Mjukuu wangu wa kwanza. Kwenda kumwona ilikuwa nauli, na nauli ilikuwa sawa na rejesho la mkopo, na ng'ombe huwezi kumwachia mtu. Picha zikawa zinatumwa kwenye simu ya mwenyekiti. Yeye anamwona kwanza, anamshangilia, anawaonyesha watu dukani, ndipo ananiletea mimi. Na kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Mjukuu wangu nilimwona ana ufa kutoka kwenye paji la uso mpaka kitovuni.

"Ana pua yako," mwenyekiti ananiambia.

Pua yenyewe ilikuwa imekatwa na ufa. Nikawa naitikia tu.

Kila nilipopeleka viazi sokoni Mwanjelwa nilipita kwenye maduka ya simu. Wale vijana wana spika kubwa, wanatangaza siku nzima: simu bila stresi, kianzio kidogo, unalipa kidogo kidogo kila siku. Hawangoji uulize. Mmoja aliniwekea simu mkononi nikiwa na gunia tupu begani. Nikaigusa tu, ikawaka. Nikaona uso wa bibi mmoja mwenye hasira ananitazama, nikataka kumsalimia, kumbe ni mimi. Nilisimama pale nikiwa na pesa ya rejesho kwenye pindo la kitenge, na mkono wangu wa kushoto ukaanza kulifungua pindo wenyewe, mimi sijautuma. Niliupiga. Yule kijana akafikiri nampiga yeye, akarudi nyuma, nikapata nafasi ya kuondoka.

Siku iliyofuata ya soko nikaja na akili. Nilijifunika kitenge kichwani mpaka puani, nikainamisha uso, nikapita nikishika ukuta ili nisione chochote. Nilipofika kwenye lile duka, muziki ukazimwa. Nikasikia, "Pole sana, mama." Nikasema ahsante, nikaendelea. Mtu akanishika mkono, akanitia noti kwenye kiganja. Mwenye duka la pili naye akaja, na mama wa mitumba akaja, wote pole, pole. Walidhani nimefiwa. Mwanamke mmoja akanisogelea sikioni akauliza kwa upole ni nani aliyefariki.

"Bado," nikamwambia, maana ndilo neno lililonijia.

Wakanihurumia zaidi. Rambirambi hairudishwi, ukimrudishia mtu ni kama unamtakia na yeye. Niliipeleka yote kwenye rejesho. Mweka hazina wetu alipouliza nimeipata wapi wiki ile ya mvua, nikamwambia nimefiwa na simu.

Nikaendelea hivyo, na deni likawa linapungua kweli. Halafu binti yangu akanipigia kwenye ile simu ya tochi, akasema niende stendi, basi la kutoka Iringa lina mzigo wangu. Nilijua ni kitunguu. Mabasi yote yanayotoka njia ya Ruaha Mbuyuni yananuka kitunguu, na binti yangu anajua nakipenda. Kondakta akanipa kiboksi chepesi kama kiberiti. Nilikifungua palepale kwenye benchi. Ilikuwa simu janja, mpya, ina karatasi ya nailoni usoni, na laini imeshawekwa ndani. Binti akaniambia mume wake ndiye kaninunulia, ili nimwone mjukuu.

Nilicheka, kisha nikatoka jasho. Zawadi ya mkwe kwetu hairudishwi. Ukiirudisha umemwambia achukue mahari yake na wewe uchukue mwanao. Na nikiingia nayo nyumbani, ng'ombe anatoka. Nikakaa kwenye lile benchi nikitafuta mahali ambapo si nyumbani kwangu lakini ni kwangu, nikaliona moja tu. Nikaificha bandani kwa ng'ombe, juu kwenye paa, ndani ya majani makavu.

Asubuhi nikiwa nakamua, ikaita. Sikujua kwamba vitu hivi vinaita kwa wimbo. Ukatoka wimbo wa kwaya, mkubwa, wenye ngoma na kinanda. Ng'ombe akapiga teke ndoo, maziwa yakamwagika, akaanza kulia, na kwaya haikunyamaza. Kichwa cha mwenyekiti kikatokeza juu ya ukuta.

"Dada," akasema, "ng'ombe wako anaimba."

Nikapanda juu ya pipa nikaitoa.

Kikao kikaitishwa Jumatano sebuleni kwa mwenyekiti, na wanachama wote walikuja, hata wale wasiokujaga. Nikaeleza kwamba ni zawadi, sijanunua. Wakauliza zawadi ya nani, nikasema ya mkwe. Mwenyekiti akasema basi mkwe mwenyewe aseme kwa kinywa chake. Mtu akashauri apigiwe sauti tu, wakakataa, kwa sababu mwaka uliopita mwenzetu mmoja alimfanya kaka yake ajifanye meneja wa benki kwenye simu na tukampigia makofi. Walitaka kumwona. Apigiwe video.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipokaa. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Wahehe, watu wa mkwe wangu, wana mwiko huo na sisi tunao, na hakuna aliyefundishwa shuleni. Nikimwona anakuja njiani mimi naingia kwenye mahindi. Siku ya harusi nilikaa nimegeukia ukuta, nilipakuliwa chakula kwa nyuma. Mkwe wangu huyu namjua kwa viatu. Ukinionyesha uso wake leo sokoni nitamuuliza bei.

Wanawake wote pale walijua hivyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja, maana wengi wana mabinti. Wakaanza kubishana kama uso ulio ndani ya simu ni uso. Mmoja akasema ni picha tu, picha haina heshima. Mwingine akajibu kwamba picha haisemi shikamoo. Wa tatu akasema apigiwe video lakini mimi nitolewe nje, wakamwambia mshtakiwa hatolewi nje ya kesi yake. Chai ikapoa. Mwisho mwenyekiti akavua kitenge chake cha begani, akaiweka simu juu ya meza, ameiegemeza kwenye chupa ya chai, akaifunika yote kama mwali. Video ikapigwa chini ya kitenge.

"Hodi huko," mwenyekiti akakiambia kitenge.

Kitenge kikajibu, "Shikamoo mama."

Tukaitikia wote marahaba, mimi nikiwa nimegeukia dirishani. Mwenyekiti akainua upindo kidogo kumwona shahidi. Akauangusha. Akauinua tena.

"Wewe ndiye mkwe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona naona msumari?"

Upande wa Iringa ukauliza kwanza, "Mama mkwe yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi tuuache msumari, mama."

Alikuwa amegeuza simu yake ukutani. Kwa hiyo kesi yangu ilikuwa hivi: sisi tunaongea na kitenge, chini ya kitenge kuna simu, ndani ya simu kuna ukuta wa Iringa wenye msumari, na nyuma ya simu ya huko kuna mwanaume anayeinama kwa adabu mahali ambapo hamna anayemwona. Wenzangu waliukodolea macho ule upindo kwa heshima zote. Mwenyekiti akauliza kama simu ameinunua yeye. Akasema ni yeye. Akauliza kama ni kwa pesa yake mwenyewe. Hapo akakawia mpaka tukadhani mtandao umekata.

"Yangu," akasema, na akakohoa.

Kikohozi kile nilikisikia. Niliamua ni vumbi.

Baadaye tukasikia viatu vinaondoka, ninavijua, na sauti ya binti yangu ikaja. Mwenyekiti akahakikisha kwanza kwamba mwanaume ametoka kabisa, siyo amesimama mlangoni, ndipo akavuta kitenge. Nikageuka. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye blanketi la kijani, uso mzima, hana ufa popote. Akapiga mwayo. Kinywa kile hakina jino hata moja na kimejaa dharau, kama cha marehemu baba yangu. Mwenyekiti naye akainama karibu yangu kumtazama. Halafu mwayo ukaisha, na yeye akasema tuendelee na kesi.

Hukumu ilikuwa kwamba sijanunua, lakini kitu kipya ni kitu kipya. Simu ikae kwenye sanduku la kikundi mpaka nimalize deni. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanawake watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila Jumatano lilipofunguliwa waliichaji simu wakati tunahesabu pesa, kisha wanaifungia. Na kila Jumatano, kufuli ya tatu ikishafungwa tu na wenye funguo wakishatoka, inaita. Kwaya inaanza ndani ya chuma. Binti yangu alikuwa anamaliza zamu saa ileile. Tunakimbilia mlangoni kuwaita wenye funguo, mmoja amepanda bodaboda, mwingine keshaingia kwenye maandazi yake, na mimi nimepiga magoti mbele ya sanduku naliambia, "Nakuja, mwanangu, subiri." Sanduku linaimba ubeti wa pili, linanyamaza.

Wiki chache kabla ya kugawana, likaacha kuimba. Jumatano lilipofunguliwa, simu ilikuwa imeweka maandishi kwenye kioo kizima. Mimi darasa la nne nililiacha njiani, herufi ndogo hizo siziwezi. Mweka hazina akasoma kwa sauti: simu hii imefungwa, mmiliki alipe deni lake ili aendelee kuitumia.

Mkwe wangu alikuwa ameichukua kwa kianzio, kama wale wa Mwanjelwa, akawa analipa kila siku, akashindwa. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akateremka kwenye kiti akakaa chini.

"Nimeendesha vikundi miaka yote," akasema akijifuta macho, "sijawahi kufungia mdaiwa sandukuni."

Habari zikafika Iringa. Mkwe aliyemwaibisha mama mkwe mbele za watu anatoa faini, na yeye hakuja mwenyewe, angekujaje. Akamtuma kaka yake mkubwa. Kaka akaja na mbuzi, beberu mzuri, mnene, kamba mpya. Akapiga magoti mlangoni akasema maneno yote ya kuomba msamaha kama yanavyotakiwa.

Niseme ukweli, mimi nilikuwa namtazama mbuzi. Deni lililobaki na bei ya beberu yule vilikuwa vimelingana kama mapacha. Siku ya kugawana ilikuwa inakuja, na mwenyekiti alishaanza kuniuliza ng'ombe wangu anapenda majani gani. Nikisema karibu tu, ng'ombe anabaki. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini kamba ile mpya ikanisumbua.

"Baba," nikamuuliza, "huyu mbuzi amelipiwa?"

Akamtazama mbuzi kama vile mbuzi ndiye atajibu.

"Kianzio," akasema.

Nilikaa kwenye kizingiti. Nyumba ya mwanangu ilikuwa inadaiwa simu kwa ajili yangu, sasa inadaiwa mbuzi pia kwa ajili ya simu. Nikimla huyo, watakopa nini kuniomba radhi? Nikanyanyuka, nikaweka kiganja changu mgongoni kwa mbuzi, nikasema faini nimeipokea, mkwe wangu hana kosa, na sasa mbuzi ni wangu. Na kwa kuwa ni wangu, namrudisha kwa mwenyewe aliyewakopesha. Simu nayo irudi dukani, waseme imemshinda bibi. Yule kaka alinishukuru mpaka nikaona haya. Waliondoka wote watatu, yeye, mbuzi na kile kiboksi, wakapanda fuso ya viazi.

Siku ya kugawana walikuja na kamba. Mwenyekiti mbele. Nilikuwa nimewangoja bandani, nimevaa kitenge changu cha kanisani, maana sikutaka ng'ombe wangu atoke huku mimi nikiwa na matambara. Nikawauliza swali moja tu: mkimchukua, nani ana banda? Wakatazamana. Nikauliza nani anajua kumkamua. Mwenyekiti akasema kukamua si kusoma udaktari, akavuta kigoda, akakaa. Ng'ombe akamwacha ashike. Akamwacha afurahi. Kisha akampiga teke moja, siyo la kuumiza, la kumhamisha tu, mwenyekiti akawa amekaa mahali pengine na ndoo iko kichwani kwa mweka hazina.

Hapo nikasema nilichotaka kusema. Deni lililobaki nitalilipa kwa maziwa, kila mwanachama kikombe kikubwa kila asubuhi, mlangoni kwake, mpaka liishe. Waliteta sana. Wengine walitaka wamuuze mnadani palepale. Mwenyekiti, bado yuko chini, ana majani kwenye nywele, akasema yeye anakubali, na asiyekubali aje akamue.

Nililipa hivyo kwa miezi kadhaa. Asubuhi na ubaridi wa Uyole, umande mpaka magotini, ndoo mkononi, bibi mzima nagonga milango ya watu kuwapa deni lao walinywe na chai. Walipata afya, naona hata mashavu. Binti yangu alikuja na mtoto wakati wa Pasaka, nikambeba mgongoni nikazunguka naye mlango kwa mlango ili wale waliomwona kabla yangu wamwone tena vizuri, akiwa kwangu.

Kikombe cha mwisho kilikuwa cha mwenyekiti. Alikinywa palepale mlangoni, amesimama, akanirudishia kitupu akasema deni limekwisha, dada, umefanya vizuri. Halafu akasema kesho nimletee kama kawaida, atanilipa mwisho wa mwezi.

Nikamwambia kesho ni pesa mkononi. Mimi sikopeshi.